Siku Tano Kilombero na Kadi Iliyojaa Harusi

Alhamisi: Msamvu hadi mtoni

Basi la saa moja lilitoka Msamvu saa mbili kasorobo, nami nimepakata begi la kamera kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Siku zote begi hilo huishia ukumbini. Kazi yangu ni harusi, sendofu, kipaimara na mara mojamoja mahafali, hapo hapo Morogoro mjini. Ila mwaka jana rafiki yangu anayefuata mchele Ifakara alinitumia video ya simu, imetikisika vibaya, ya ndege wa njano mwenye uso mweusi akining'inia kwenye tete karibu na daraja la Kilombero. Chini yake akaandika: "Watu wanatoka Ulaya kuja kumwona huyu. Wewe uko Morogoro tu hapo, umekaa." Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa perege.

Huyo ni kwera wa Kilombero. Kwera unawajua: ndio wale wasukaji wanaojaza viota kwenye minazi na migunga, kisha wanapiga kelele kama kamati ya harusi inayogawana bajeti. Wako wa aina nyingi Afrika nzima. Lakini huyu mmoja haishi mahali pengine popote duniani, ni kwenye matete ya Bonde la Kilombero tu, basi. Kisayansi alipewa jina mwaka 1990, na Neil na Elizabeth Baker, wale wale waliokusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za ndege wa Tanzania nzima. Mwaka 1990! Mimi nilikuwa nimeshaanza kutambaa, na ndege wa mkoani kwangu alikuwa hajaandikishwa.

Ukifika Mikumi mjini basi linaiacha lami kuu ya Iringa na kukata kushoto. Mnavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, mnaingia kwenye miwa, na kuanzia hapo mkono wa kulia ni Udzungwa, ukuta wa kijani wenye mawingu kichwani, na mkono wa kushoto ni tambarare. Wageni wengi wanateremka Mang'ula. Wanakwenda kuwaona mbega wekundu na maporomoko ya Sanje, yanayoanguka mita 170 hivi, na siwalaumu. Ila nililitazama basi likibaki na wenye magunia, wanafunzi na mimi, nikajiuliza kama niko sawa kichwani. Kwenye nyaya za umeme mbayuwayu walikuwa wamejipanga kama vibanio vya nguo. Hao ni wageni wa Novemba, wamekimbia baridi ya Ulaya. Angalau si mimi peke yangu niliyesafiri.

Ifakara saa nane mchana, jua la kukaangia. Bodaboda hadi mtoni. Hapo zamani palikuwa pa kusubiri kivuko, na anayekumbuka foleni zile hahadithii kwa kucheka. Tangu mwaka 2018 kuna daraja la mita 384, unapita juu huku umekunja mikono. Kambi niliyofikia iko kando ya mto: mabanda manne ya nyasi, mwembe mmoja mkubwa, sola ya kuchajia, na choo ambacho popo wamekiamini kuliko wageni. Wenye kambi ni mke na mume. Mama alinipokea kwa maji ya kunawa na swali moja: "Unakula kambale au nikukaangie yai?" Nikasema kambale.

Usiku, baada ya wali wa Kilombero unaonukia kabla hujafunua sufuria, nikafungua begi kuandaa vifaa vya alfajiri. Kamera ipo. Lenzi kubwa ya kuazima ipo. Betri tatu zipo. Kadi ya akiba haipo. Nikaiona kwa macho ya akili pale ilipo: kwenye meza ya studio, imechomekwa kwenye kisomeo cha kompyuta. Na iliyomo ndani ya kamera ina harusi ya Jumamosi iliyopita, nzima nzima, kuanzia saluni hadi kukata keki, na sijaihamishia popote. Siwezi kuifuta hata kwa mtutu wa bunduki. Kioo cha kamera kikaniambia nafasi iliyobaki: picha 118.

Ukumbini napiga picha 118 kabla MC hajamaliza kujitambulisha.

Ijumaa: yote ukungu

Saa kumi na moja na nusu mzee wa mtumbwi alikuwa ameshakaa chini ya mwembe, ananisubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mzigo wote ni wa ndege?"

Ni Mndamba, amevua mto huu tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Siku hizi anabeba wageni pia, kwa sababu, anasema, samaki lazima umtege lakini mgeni anajileta. Mtumbwi wake ni wa gogo moja, na kwenye maji mafupi hatumii kafi, anasimama nyuma na upondo mrefu, anausukuma taratibu bila kurusha tone. Novemba mto umepungua, michanga iko nje kama migongo ya ng'ombe waliolala. Masika utaniambia habari nyingine: maji yanapanda, bonde linageuka ziwa, na ukiyafuata yakiteremka utayakuta yanakutana na Luwegu na kuitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka upande huu wa Kilombero. Watu wa Dar wanaokula kamba wa delta hawajui wanamshukuru nani.

Jua halijatoka, furukombe akalia. Hakuna sauti kama ile. Anarudisha kichwa nyuma kabisa, kama mtu anayesuuza koo, halafu mto mzima unasikia. Nikampiga picha 31 bila kupumua. Mbele kidogo mdiria, yule mweusi kwa mweupe, akasimama hewani juu ya maji, mabawa yanatetemeka na kichwa kimetulia kama kimegundishwa, kisha akadondoka kama jiwe, akaibuka na dagaa. Picha 22. Nikaanza kujiona bingwa.

Halafu mzee akanyoosha kidole bila kusema kitu.

Matete yalikuwa yameinamia maji, na ndani yake viota kumi hivi, vingine vya kijani bado, vingine vimeshakauka rangi ya chai ya maziwa. Na wenyewe walikuwepo. Dume ni wa njano ya kiini cha yai la kienyeji, uso mweusi hadi kooni, mgongo unaelekea ukijani. Jike ni mpole wa rangi, ungempita bila salamu. Na juu yao, si mbali, unasikia malori yakipita darajani, tairi zikipiga kwenye maungio ya daraja: du-dum, du-dum. Nilikuwa nimejiandaa kwa msitu, kwa ukimya, kwa safari ya kuteseka. Ndege ambaye dunia nzima inaye hapa tu, anaishi mahali unapoweza kusikia kondakta akiita abiria wa Lupiro.

Tete mbili zilikuwa zinanikinga. Nikamwambia mzee, kwa mazoea ya kazi, "Mzee, nipunguzie hayo mawili ya mbele." Kwangu ni jambo la kawaida. Ukumbini nahamisha viti, maua, hata shangazi.

Mzee hakugusa kitu. "Hilo tete si la bure," akasema. "Ukiliondoa, jua litawapiga watoto. Na dudumizi ataona ndani."

Dudumizi tumezoea kumsikiliza akiita mvua, kumbe mwenyewe ni mwizi wa makinda. Nikaona haya. Mzee akasogeza mtumbwi hatua mbili kushoto, na dirisha likajifungua lenyewe.

Nikapiga zote zilizobaki. Nikarudi kambini nimevimba kichwa, nikachomeka simu kwenye kamera ili nizione vizuri, na moyo ukashuka hadi kwenye kandambili. Kila kwera alikuwa ukungu wa njano. Mabawa hayapo, macho hayapo. Furukombe naye anafanana na nguo iliyoanikwa. Sikubadilisha mpangilio wa kamera tangu harusini: spidi ya shata, yaani muda kamera inaofumbua jicho, 1/160 ya sekunde. Kwa flashi na bibi harusi aliyesimama, inatosha. Kwa ndege wa gramu chache anayeruka kutoka tete hadi tete, unahitaji 1/2000 na zaidi, na ukubali ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande, picha iwe na chengachenga kidogo. Nayajua haya. Nimewafundisha vijana wawili haya. Nikakaa kwenye kitanda cha kamba nikafuta moja baada ya nyingine, 118, hadi kidole kikauma.

Kufuta kulinirudishia nafasi, lakini hofu ilibaki. Mchana nikachukua bodaboda hadi Ifakara mjini kutafuta kadi. Duka la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu kijana akanitolea kadi ndogo ya simu na kibebeo chake, imeandikwa GB 64, kwa bei ya kadi ya GB 8. Hapo ndipo akili ilipaswa kunishika mkono. Haikunishika.

Jumamosi: Mwalimu na daftari

Mgeni wa pili kambini ni dada mmoja mwalimu wa sekondari, anafundisha baiolojia, huja hapa wikiendi akiwa na darubini moja, kofia, na daftari la hesabu la mistari midogo. Kamera hana, wala haitaki. Aliponiona nafunga lenzi ndefu kama bomba la mtaro akasema, "Kaka, na hiyo ukiona kitu kilicho mita mbili unafanyaje?" Narudi nyuma, nikamwambia. "Mtumbwini?" akauliza.

Yeye alikuja kwa ajili ya videnenda. Nikisema ukweli, wakati ule nilijua neno lenyewe tu. Kidenenda ni kale kandege kadogo ka kahawia kanakokaa kwenye majani marefu, kana michirizi, kana mkia, na wako wa aina nyingi wanaofanana kama mapacha wa mama kumi. Mpiga picha hana faida nao. Lakini bonde hili lina wawili wake, hawapatikani kwingine. Watafiti walijua tangu miaka ya 1980 kwamba kuna sauti mbili majanini ambazo hazina mwenyewe vitabuni, ila majina rasmi yalikuja kutoka mwaka 2021, zaidi ya miaka 30 baadaye. Mmoja akaitwa *Cisticola anderseni*. Mwingine akaitwa *Cisticola bakerorum*, kwa heshima ya wale wale Baker. Mwalimu alinieleza haya tukiwa tumesimama kwenye umande hadi magotini, anaongea kwa kunong'ona, halafu katikati ya sentensi akanyamaza na kufumba macho.

Nilidhani kapata kizunguzungu. Kumbe anasikiliza.

Mimi nilikuwa nimeshusha sauti za ndege kwenye simu, nikatoa nikamwonyesha. "Nicheze?"

"Usicheze. Ukimpigia sauti ya dume mwenzake ataacha kazi zake aje kupigana na simu yako. Asubuhi yote imekwisha, na hajalisha mtu." Akarudi kufumba macho. Dakika kumi hivi. Kisha akanionyesha kwa kidevu: pale, kwenye ncha ya jani, mdomo wazi, mkia unatikisika. Nikapiga. Safari hii spidi ilikuwa sahihi, fokasi imekaa kwenye jicho, na kadi mpya ilikuwa inameza picha bila kulalamika. Mwalimu akaandika kwenye daftari saa, mahali, aina ya majani, idadi, na upepo. Hadi upepo.

Baadaye mzee alitupeleka kwenye kingo ya udongo iliyokatwa wima na maji. Imetobolewa matundu kama ubao wa bao, na kila tundu lina keremkerem mwenye paji jeupe, koo jekundu, mgongo wa kijani. Hawa wanaishi kiukoo. Asiyekuwa na watoto mwaka huu anasaidia kulisha wa ndugu yake, na hilo limechunguzwa sana na wataalamu. Mwalimu alisema wanafunzi wake wakisikia hivyo wanaguna: "Kumbe hata huko kuna kutegemewa." Tulikaa pale saa nzima. Anakuja mmoja na nyuki mdomoni, anampigapiga kwenye mzizi hadi mwiba utoke, anaingia. Anakuja mwingine. Hakuna anayegongana na mwenzake mlangoni, na milango imekaribiana kama ya nyumba za kupanga.

Kwenye mchanga wa katikati ya mto kulikuwa na korongo wale wenye mdomo usiofungana katikati, umeacha pengo kama koleo. Ukiwatazama wakila konokono wa majini ndipo unaona pengo lina kazi gani. Pia palikuwa na ndege weusi na weupe wanne, mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu, wakaruka chini kabisa na kuuchana mto kwa ule mdomo wa chini kama mkasi kwenye kitambaa. Mwalimu hakuwa na jina lake la Kiswahili, mzee naye akasema "hao wa mchanga," basi likaandikwa la kisayansi, *Rynchops flavirostris*. Picha 200 na zaidi. Nilirudi naimba.

Jioni nikaifungua kadi. Picha za kwanza kama 40 zipo. Zinazofuata zina nusu ndege, nusu kijivu. Zinazofuata hizo hazifunguki kabisa. Kidenenda hayupo. Keremkerem hayupo. Wale wa mchanga, mmoja amebaki kipande cha bawa. Kadi haikuwa GB 64 hata kidogo, ilibandikwa maandishi tu, na mimi, mtu wa kamera miaka kumi na minne, sikuijaribu kabla. Sina wa kumlaumu zaidi ya tamaa yangu.

Mwalimu alikuwa anakunywa chai pembeni. Hakucheka, ila alijikaza. Akanisogezea daftari: "Hawa wapo wote humu. Nakili kama unataka."

Nilinakili. Bado ninayo karatasi hiyo, imeandikwa kwa peni ya bluu: *keremkerem, matundu 63, yenye ndege 27, upepo mdogo kutoka milimani.*

Jumapili: fremu moja moja

Niliirudisha kadi ya harusi. Nafasi 118 tena. Lakini mtu aliyeibeba kamera alikuwa amebadilika kidogo, au labda alikuwa amechoka tu.

Nilimwomba mzee tusizunguke. Twende kwa kwera, tufunge mtumbwi, tukae. Akaniangalia kama mtu ambaye hatimaye ameongea Kiswahili. Badala ya stendi ya kamera nilichukua kimfuko cha unga, Mama wa kambi akanijazia maharage kilo mbili kwa sharti yarudi mazima, maana ndiyo mboga ya jioni. Unakilaza kwenye ukingo wa mtumbwi, unalaza lenzi juu yake, inatulia hata mto ukipumua.

Nusu saa ya kwanza sikugusa shata. Mwanzoni walitukimbia, wakahamia matete ya ng'ambo, wakatusema kwa sauti. Kisha wakarudi mmoja mmoja. Ukikaa vya kutosha unaanza kuwajua. Dume mmoja alikuwa na unyoya uliokatika kwenye bawa la kushoto, na yeye ndiye alikuwa anaanza kiota kipya.

Namna anavyofanya ni hivi. Anatua kwenye jani la tete, analing'ata ukingoni karibu na shina, kaupande kadogo, halafu anaruka nalo. Jani linachanika lenyewe kwa urefu wote, *chriii*, anabaki na uzi mrefu wa kijani unaopepea nyuma yake kama utepe wa gari la maharusi. Anarudi. Anaukanyaga kwa mguu mmoja, anaupitisha kwa mdomo, anauvuta upande wa pili, anaukunja, anaurudisha. Fundo. Mkono hana, sindano hana. Kwanza anatengeneza duara, pete ya kusimamia. Akishaipata, anasimama katikati yake, na kuanzia hapo nyumba inapimwa kwa mwili wake: anasuka pale mdomo unapofika, mbele na juu na nyuma, bila kutoka. Uzi mmoja ulimshinda, ukadondoka majini. Aliutazama unavyokwenda na maji, akaenda kuchana mwingine.

Jike akaja. Yule dume akajigeuza kichwa chini, akaning'inia kwenye ile pete isiyo na nyumba, akapiga mabawa kwa nguvu zake zote na sauti ya mtu anayekoroma kwenye redio mbovu. Jike akatazama. Akageuza kichwa, akatazama tena. Akaondoka. Mzee akasema kimya kimya, "Hana paa bado, anaita mke." Nilicheka hadi mtumbwi ukayumba, na maharage yakamwagika matano.

Nikapiga fremu moja. Nikaitazama. Nikasubiri. Fundi aliyenifundisha kazi, pale Morogoro, alianza enzi za filamu za picha 36, na alikuwa na kawaida ya kumtazama mtu muda mrefu kabla hajabonyeza. Sisi vijana tulimwona mvivu. Tulikuwa tunabonyeza kama tunapukuchua mahindi, na usiku kucha tunachagua. Yeye alikuwa anachagua kabla.

Kwenye saa tatu maji yalivimba mita thelathini kutoka kwetu, yakatoka masikio mawili, macho mawili, na pumzi nzito ya mvuke. Kiboko. Mzee hakusema neno, alifungua kamba, akatuingiza kwenye maji mafupi karibu na kingo, upondo mmoja, wa pili, wa tatu. Tulikaa kule mpaka kiboko aamue anaelekea wapi. Aliamua pale pale tulipokuwa. Alikaa robo saa, akaenda zake. Katika muda wote huo kwera hawakusimamisha kazi hata kidogo. Kwao hatari ni dudumizi, nyoka, na kiberiti. Hilo la kiberiti alilisema mzee. Upande wa pili wa mto palikuwa na moshi, mtu anasafisha matete kupata shamba la mpunga hadi ukingoni kabisa, na zamani, mzee anasema, matete ya kule yalikuwa marefu ya kupotezea mtumbwi. Kwera wa Kilombero yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini, na bonde lenyewe limeorodheshwa kama ardhi oevu ya kimataifa, chini ya mkataba wa Ramsar, tangu mwaka 2002. Lakini mtu mwenye jembe na watoto watano hakai ndani ya orodha. Mzee mwenyewe ana shamba la mpunga. Aliniambia bila kusubiri niulize: "Langu limeishia kwenye mkuyu. Chini ya mkuyu sishuki."

Tulirudi saa nne na nusu, shingo yangu imeungua, na kwenye kadi kulikuwa na picha mpya 23. Maharage yalirudi, pungufu matano. Mama aliyahesabu kwa macho.

Jumatatu: darajani

Asubuhi Mwalimu alikuwa ameshaondoka, ana kipindi saa mbili. Mzee nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Alizipitia zote 23 taratibu, akirudi nyuma, akisogea mbele. Alisimama kwenye ile ya uzi uliodondoka, ambapo dume ameinamisha kichwa anautazama ukienda. "Hii," akasema, akanirudishia kamera.

Bodaboda wa kunipeleka stendi alisimama darajani nilipomwomba. Chini, kwenye matete, walikuwepo, wanasuka. Akachungulia na yeye.

"Kaka, unapiga nini?"

"Hao ndege."

"Hawa? Hawa si wapo siku zote?" Akatazama tena, kama vile huenda nilikuwa nimeona kitu kingine. Nikamwambia kwamba hapa ndipo walipo, ukitoka kwenye bonde hili hakuna tena, dunia nzima. Akazima pikipiki. Tukakaa pale kama dakika mbili, malori yanatupita nyuma ya mgongo, du-dum. "Basi wanatulia mpunga wetu kwa raha zao," akasema, na akawasha.

Msamvu niliingia saa kumi na mbili jioni. Simu ilikuwa na ujumbe kumi na moja kutoka kwa bibi harusi wa Jumamosi ile, wa mwisho una alama za kuuliza peke yake. Nikaenda moja kwa moja studio, nikahamisha kadi nzima, nikachagua, nikarekebisha rangi, nikamtumia usiku huo huo, macho yanafumba yenyewe.

Asubuhi akanijibu. Amezipenda, mama yake amelia, sasa anataka ya kukata keki iwe kubwa ya ukutani. Halafu ukaja ujumbe wa pili, pamoja na picha ambayo sikujua nimeituma: dume wa njano, kichwa chini, mabawa wazi, ameshikilia pete ya majani mabichi.

"Kaka, na huyu alialikwa na nani?"

Nikamjibu: upande wa bwana harusi.